Alama ya Chaki Kwenye Roshani ya Kona

Nilimwahidi Mama Anastazia mambo mawili, na yote mawili niliyatamka nikiwa nimesimama, kwa kuwa yeye hakupokea ahadi ya mtu aliyekaa. La kwanza: sitamuuzia mgeni roshani ambayo mimi mwenyewe sijaikalia. La pili: mgeni akishaikalia, sitamwinua.

Nilistaafu mwezi uliopita. Ninyi vijana wa mapokezi mliobaki pale kaunta mliniomba niwaandikie habari za kazi yetu, na baadhi yenu mlitaka kujua nilipandaje vyeo. Hayo ya vyeo yana watu wake. Mimi nitaandika juu ya roshani, maana ndizo nilizouza maisha yangu yote, na ndizo zilizonikosanisha na wakubwa. Sijutii hata moja.

Nilifika Mikumi nikitokea Kilosa, kwenye nyumba za reli. Babu yangu aliletwa wilaya ile kukata mkonge, baba akawa fundi wa reli, na mimi nikapelekwa chuo cha hoteli. Nilirudi na cheti, tai moja, na imani kwamba nchi inaweza kumkarimu mgeni bila kumdanganya. Tai ilichakaa. Imani ninayo hadi leo.

Hoteli yetu ya hifadhini wakati ule ilikuwa mali ya umma. Jengo lake, kama mjuavyo, limekaa kwenye mteremko, hivyo hata roshani za chini ziko juu ya ardhi kimo cha mtu. Mkuu wa mapokezi alikuwa Mama Anastazia, mwanamke aliyesomeshwa na masista, mwenye miwani iliyofungwa kamba na sauti ambayo haikuhitaji kupanda. Alikisoma cheti changu chote, pamoja na mhuri, kisha akanirudishia.

"Kizuri," alisema. "Sasa chukua kiti hiki ukakae."

"Nikae wapi, mama?"

"Roshani zote. Anza ya kwanza."

"Nikifanya nini?"

"Ukikaa. Jua likikuchoma, sogea. Upepo ukikuudhi, sogea. Ukipata mahali unapoliona dimbwi wanakonywea wanyama bila kunyoosha shingo kama twiga, piga alama za miguu ya kiti." Akanipa kipande cha chaki. "Halafu uje uniambie nani atapapenda na nani atapachukia."

Nilidhani ananidharau. Nilikuwa nimefundishwa kukunja vitambaa vya meza kwa umbo la ndege, na huyu ananituma kukaa. Lakini nilikaa, roshani baada ya roshani, asubuhi hadi jioni, na wafanyakazi wa usafi wakipita wananiuliza kama nimelipia. Waliniita Chaki. Jina hilo lilinishika hata wake zao walipoanza kuniita Baba Chaki kabla sijapata mtoto.

Haya ndiyo niliyoyajua kwa kukaa. Roshani za juu, za mbele, hutazama mbuga yote hadi milimani, na asubuhi hakuna mahali pazuri zaidi duniani. Mchana bati hupata moto, joto linashuka kichwani kama kapu la makaa, na nyani huja kwenye ukingo kudai kodi. Roshani za chini, katikati, huziona pua za nyati, lakini majani yakirefuka baada ya masika hulifunika dimbwi lote. Za nyuma hutazama ua wa jiko na jenereta. Na ile ya chini, ya kona, ina pande mbili wazi. Alasiri upepo hutoka dimbwini kuja kwako, si kutoka kwako kwenda dimbwini, kwa hiyo wanyama hawapati harufu ya mtu. Njia yao ya kwenda majini hupita pale pale chini ya ukingo.

Msidhani basi kwamba kuna roshani moja nzuri na nyingine mbaya. Nilimwambia hivyo Mama Anastazia siku niliyomaliza kukaa, naye akaniuliza, "Na za nyuma? Nani atazipenda?" Nikasema hakuna. Akasema nisubiri.

Haukupita muda akaja dereva wa treni mstaafu kutoka Kilosa, mzee aliyeendesha vichwa vya treni tangu ujana. Nilimpa chumba cha mbele, kimya kama kanisa siku ya kazi. Asubuhi akaja kaunta macho mekundu. "Kijana, umenilaza kaburini?" Tukamhamishia nyuma, karibu na jenereta, kwa ombi lake mwenyewe. Akalala usingizi wa mtoto, na kila mwaka alirudi akitaka chumba kile kile. Mfano wa pili ni wale maharusi waliokataa roshani ya kona kwa sababu ina pande mbili wazi. "Tumekuja kujificha," bwana harusi aliniambia, "si kuonyeshwa kwa nyati." Mgeni anajua anachotaka. Kazi yetu ni kujua tulicho nacho.

Siku Mama Anastazia alipostaafu, alinikabidhi kaunta na pakiti ya chaki, akanisimamisha, nikaahidi yale mambo mawili. Kuhusu la pili alisema, "Watakuja wakubwa. Watataka kumwondoa mdogo ili wakae. Ukimwinua mmoja, umewainua wote." Wakati ule niliona ni maneno ya mtu anayeondoka.

Kisha zikaja zile nyakati mnazozisoma shuleni kama soko huria. Sisi tuliziona kwa rangi: ukuta ulipakwa upya, bendera ya shirika ikashushwa, na mashirika ya umma yakaanza kuuzwa kama mitumba. Hoteli yetu ilipata mwekezaji ambaye hatukumwona, na meneja ambaye tulimwona sana. Aliitwa Bwana Sefu, mtu wa Tanga, aliyekuwa amefanya kazi miaka mingi katika meli kubwa za watalii, zile zinazozunguka visiwa vya mbali na watu wanaokwenda mahali popote ilimradi wanakula. Tulimwita Kepteni. Alilijua jina hilo na hakulikataa.

Katika mkutano wake wa kwanza alitueleza mpango. "Melini," alisema, "kuna kabini za ndani, hazina dirisha. Kuna za dirisha lisilofunguka. Kuna za roshani. Na roshani zenyewe zina ngazi: za chini karibu na maji, za kati, za juu. Ukipanda, unalipa. Hapa nakuta roshani zote zinaitwa roshani, bei moja! Hii ni biashara au ni kijiji cha ujamaa?"

Watu walicheka. Mimi nilinyoosha mkono.

"Bwana meneja, meli inageuka. Aliyekaa kushoto leo anaona bandari, kesho anaona bahari. Nyumba hii haigeuki. Tangu ijengwe imetazama upande mmoja, na dimbwi halijawahi kuhama kumfuata aliyelipa zaidi."

Walicheka tena, lakini yeye hakucheka.

"Chuo gani kilikufundisha kujibu?"

"Chuo kilinifundisha kusalimu, bwana meneja. Kujibu nilijifunza Kilosa."

Ubao mpya wa bei ukaja, ukiziita roshani sitaha, kama ghorofa za meli. Roshani za juu zikawa Sitaha ya Juu, kwa bei ya juu. Za chini zikawa Sitaha ya Chini, kona ikiwemo, kwa bei ndogo. Za nyuma, zinazotazama jenereta, zikaitwa Sitaha ya Bustani. Bustani yenyewe ilikuwa mndimu mmoja na mapipa ya dizeli. Niliyataja majina hayo kaunta, kwa kuwa yalikuwa yameandikwa, lakini kila nilipoyataja niliongeza ukweli. "Sitaha ya Bustani, mama. Bustani ni mndimu mmoja, na jenereta hunguruma usiku kucha." "Sitaha ya Juu, mzee. Asubuhi ni peponi, mchana ni tanuri." Kepteni alinionya. Nilimwambia kwamba sijapunguza bei hata senti, nimeongeza maelezo tu.

Katika kiangazi cha mwaka ule akaja Mzee Makoye na mkewe. Walikuwa wafugaji wa Msowero, waliohamia kutoka kanda ya ziwa na ng'ombe wao na jembe lao. Binti yao Kabula, muuguzi wa Morogoro, ndiye aliyewalipia. Mzee alivaa koti zito na kushika fimbo. Mkewe alibeba kapu ambalo lilinukia karanga za kukaanga, nami nikaamua pua yangu haifanyi kazi siku hiyo, maana chakula cha nje kilikatazwa.

"Shikamoo mzee. Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu," mzee alijibu, akaigeuzia uso sauti yangu zaidi kuliko mwili wangu. "Hifadhi hii naijua. Kwa nje. Askari wamenikimbiza, tembo wamenikimbiza. Leo nimekuja kwa mlango."

"Amekuja kukimbizwa kwa risiti," alisema mkewe.

"Mama Kabula, mwache mtoto afanye kazi." Akaegemea kaunta. "Sikiliza. Maisha yangu yote tembo nimemwona nikiwa nakimbia. Mtu anayekimbia haoni kitu. Sasa ukungu umeingia machoni, na daktari amesema hautarudi ulikotoka. Vya mbali vimekwisha, vya karibu bado vipo kidogo. Nataka nikae, yeye aje. Mara moja tu nimwone nikiwa nimekaa."

Nikawaeleza roshani zote, moja baada ya nyingine, kama nilivyofundishwa. Mama Kabula alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa.

"Hiyo ya juu mbona ghali? Ina nini?"

"Ina ngazi, mama."

"Basi tuache ngazi zao."

Nikawapa kona. Nikawapeleka mwenyewe, nikaweka viti viwili juu ya alama za chaki, mzee akaketi na kuweka fimbo magotini. Nikawaambia jua likifika kwenye nguzo ya pembeni wanyamaze, maana ndipo tembo huanza kushuka.

Siku hiyo hiyo Sitaha ya Juu ilikuwa imejaa msafara wa watalii. Mchana bati likafanya kazi yake. Kiongozi wa msafara alinyang'anywa mkate na nyani mbele ya watu wake, akatazama chini, akawaona wazee wawili kivulini, wakipata upepo na kula karanga. Akashuka kwa Kepteni. Kepteni akaja kwangu.

"Wale wazee wahamishie Bustani. Kona mpe kiongozi."

"Wameshakaa, bwana meneja."

"Kwani wameota mizizi?"

"Wameshakaa."

"Wamelipa bei ya wenyeji, Chaki. Huyu bwana ana watu kumi na wawili nyuma yake, na mwakani ataleta wengine."

"Wamelipia roshani ya kona. Hawakulipia uenyeji."

Wenzangu wawili waliokuwa kaunta waliinama wakatafuta vitu ambavyo havikupotea. Kepteni akanyoosha mkono. "Nipe ufunguo wa akiba."

Niliutoa kwenye msumari wake, nikautia mfukoni mwangu.

"Unajua kuna vijana wangapi Morogoro wanaokitafuta kiti chako?"

"Najua. Atakayekuja mwambie kwamba kiti hiki kina ahadi yake. Kama haiwezi, asikikalie. Mimi mtu aliyeingia kwa mlango simtoi. Mzee yule amefukuzwa hapa maisha yake yote, na akifukuzwa leo, atafukuzwa na mtu mwingine, si mimi."

Kepteni alinitazama, akageuka, akaenda mwenyewe. Nikamfuata, kwa sababu niliona ni haki ya wale wazee kuwa na shahidi.

Mlango wa chumba ulikuwa wazi, akawakuta roshanini, viti vyao juu ya alama za chaki. Sasa, Bwana Sefu alikuwa na makosa mengi, lakini mama yake alimlea. Alisimama mlangoni, akainama kidogo.

"Shikamoo mzee. Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Karibu ukae."

"Nimepita mara moja tu, mzee. Kuna jambo dogo..."

"Jambo lisemwe mtu amekaa," alisema Mama Kabula, akimsogezea kiti cha chumbani kwa mguu. "Kwetu anayesema na wazee akiwa amesimama ni askari au mdai. Wewe ni yupi?"

Akakaa. Angefanya nini? Alifungua mdomo, na kabla hajasema, mzee akainua kidole.

Kwanza ilikuwa sauti ya majani yanayong'olewa. Kisha ngurumo ya tumbo, nzito, ya mnyama mwenye raha. Jike kubwa akatokea pembeni ya jengo, na nyuma yake wengine na ndama wao, wakishuka kwa njia yao ileile. Akapita chini ya ukingo, karibu kiasi kwamba vumbi la mgongo wake lilitufikia, na kichwa chake kilikuwa sawa na vichwa vyetu. Hapo akasimama. Alijikuna bega kwenye nguzo ya roshani, na nguzo ikalia.

Mzee Makoye hakusogea. Alikuwa amesukuma shingo mbele kama mtu anayesoma.

"Mama Kabula," alinong'ona, "sikio limechanika. Hapa, chini. Kope zake ndefu. Namwona."

Mkewe alimshika mkono wa koti. Kepteni alikuwa ameshikilia kiti chake kwa mikono miwili, na nilipomtazama niligundua kwamba tangu aje hoteli ile, huyu aliyezipangia roshani bei, hakuwahi kukaa katika hata moja.

Tembo wakaenda majini. Wa mwisho alipokwisha kuingia dimbwini, mzee akageuza uso.

"Enhe, baba. Ulikuwa na jambo."

Kepteni alikohoa. "Nilikuja kuuliza kama mngependa chai."

"Vikombe viwili," alisema Mama Kabula. "Na asali kama ipo. Na huyu kijana naye apewe, amesimama kama mlingoti."

Tulipotoka koridoni, Kepteni alinyoosha mkono tena. Nikampa ufunguo wa akiba. "Wazee watakaa mpaka siku yao iishe," alisema. "Wewe kesho nenda stoo ya mashuka." Sikuomba radhi. Kiongozi wa msafara alipewa feni na samahani.

Nilikaa stoo muda mrefu, kati ya mashuka na sabuni. Mnaonijua mnajua sikukaa kimya. Mpeleka mashuka huingia vyumba vyote, na chaki ni nyepesi kubeba. Alama zilizofutwa na mafagio nilizirudisha. Mapokezi wakawa wanatuma watu stoo kuniuliza: mgeni anaogopa nyani, mgeni ana mtoto mchanga, mgeni anataka kusoma mchana kutwa, tumpe chumba kipi? Nikawajibu kutoka kwenye rafu za mito.

Siku moja mlangoni alisimama Kepteni mwenyewe. Hakuingia. Aliegemea fremu akitazama mashuka.

"Miaka yote melini niliuza zile roshani," alisema. "Nilizijua kwa ramani. Ipi imezibwa na mashua za kuokolea, ipi iko chini ya ukumbi wa ngoma, wageni wakicheza dari lake linatetemeka hadi alfajiri. Nilijua kwa malalamiko tu. Sisi wafanyakazi tulilala chini kabisa. Hapakuwa na dirisha, Chaki. Asubuhi niliijua kwa kengele."

Niliacha kukunja shuka.

"Roshani ya juu," akaendelea, "ile ya katikati. Kiti kikae wapi?"

"Mchana kisikae. Asubuhi, nguzo ya pili, kitazame mlimani."

Akaingia, akachukua kipande cha chaki mezani kwangu, akaondoka. Baada ya mvua nilirudishwa kaunta. Majina ya sitaha yalibaki ubaoni hadi rangi ilipobabuka, na bei hazikushuka. Msije mkasema nimewapa hadithi ya malaika. Lakini hakuna mgeni aliyeinuliwa wakati wangu, awe wa Msowero au wa ng'ambo.

Miaka ya mwisho wafanyabiashara wa Morogoro, waliofanikiwa, walikuwa wakinipigia simu. "Chaki, nakwenda kupanda meli ya watalii na mama watoto, nichague kabini ya roshani ipi?" Niliwaambia siuzi nisichokikalia. Ila, nikawaambia, muulizeni anayewauzia kilicho juu ya dari lenu na kilicho mbele ya macho yenu, na kama yeye mwenyewe ameketi pale. Akisema zile za juu ndizo bora kwa sababu ni za juu, tafuteni mwingine.

Sasa nasikia kuna jengo jipya upande wa mashariki, lenye vigae, na vyumba vyake vinauzwa kwenye kompyuta kwa picha. Nasikia pia kwamba meneja wenu amewaambia wenyeji wapewe za nyuma kwanza, na kwamba mmenyamaza kwa kuwa kazi ni ngumu kupatikana. Kwetu pia ilikuwa ngumu.

Nina ombi moja. Kesho, kabla hamjamkabidhi mtu yeyote ufunguo wa jengo lile, chukueni kiti, mwende mkakae katika kila roshani yake.